Nyumba ya Kizungu Kando ya Kichuguu

Nilipoolewa kijijini Kwapa, karibu na Tororo, nilipewa vitu viwili: mume, na nyumba ya miti na udongo upande wa kushoto wa boma. Mume ndiye aliyetangulia kuanguka. Nyumba ilibaki imesimama, na nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu baadaye watu walisema ilikuwa mbovu, eti ilikuwa inangoja upepo tu. Haikuwa inangoja kitu. Nguzo ikioza chini niliita watu, tukang'oa iliyooza, tukachimbia nyingine, nikakandika udongo upya na mavi ya ng'ombe, maisha yakaendelea. Nyumba ya namna hiyo haina siku ya kumalizika. Unaishi ndani huku unaijenga.

Kwetu ni Sikuda, upande wa Busia. Nilisoma mpaka darasa la nne, kisha nikaanza kuuza samaki wakavu sokoni, na huko ndiko nilikopata Kiswahili, kwa sababu mteja aliyevuka kutoka Kenya hakuwa na muda wa kungoja nijifunze. Nyumbani kwa mume wangu walisema Kiteso. Nacho nikajifunza. Lakini kwa mama mkwe nilibaki "yule wa samaki" miaka yote, hata baada ya kuacha kuuza samaki.

Nilizaa wasichana wawili. Wako Nairobi na waume zao. Kwa hesabu ya ukoo ule, mtoto wa kike ni mgeni aliyechelewa kuondoka, kwa hiyo mume alipokufa nilikuwa mjane asiye na mtoto, na kilichonishika pale kilikuwa kitu kimoja: nyumba yangu ilikuwa imesimama. Mjane mwenye nyumba huwezi kumwambia aende kwao. Utamwambiaje, na moshi unatoka jikoni kwake? Lakini nyumba ikilala, na yeye haki yake imelala. Hakuna mtu Kwapa asiyelijua hilo. Shemeji yangu alilijua pia.

Majina siandiki. Waliohusika nitawataja kwa kazi zao, na mtu wa huko akisoma atawajua bila shida. Wa kwanza ni shemeji. Wa pili ni fundi wake. Wa tatu ni mama mkwe. Ningemtaja na marehemu mume wangu, aliyekufa bila kusema kiwanja kile ni cha nani, lakini yeye hana namna ya kujibu, kwa hiyo nimemwacha.

Shemeji ni mdogo wa mume wangu. Alikaa Uingereza mpaka nywele zikaanza kumtoka, akifanya kazi katika jumba la kale huko mashambani, jumba ambalo wenye nalo walishakufa na sasa watu wanalipa ili waingie kulitazama. Aliporudi alisema alikuwa "mtunza jumba." Mtu akikaa nyumbani kwao muda husema yote, na baada ya miezi michache tukajua kwamba kazi yenyewe ilikuwa kupangusa vumbi. Alikuwa na fimbo ndefu yenye manyoya, akipanda ngazi kila asubuhi kupangusa boriti. Boriti zilikuwa nyingi. Alizijua zote, ipi ina ufa, ipi imepinda, ipi ina alama ya moto.

Namsifu hapa kwa sababu mbele sitamsifu: ile nyumba aliijua kweli.

Picha yake ilikuwa kwenye simu. Kuta nyeupe, na juu yake mistari myeusi, mingine imesimama, mingine imelala, mingine imekaa mshazari kwenye pembe. Mama mkwe alipoonyeshwa aliuliza kwa nini walioipaka rangi hawakumaliza.

Shemeji akaeleza kwamba ile mistari si rangi. Ni mifupa. Nyumba yote imeshikwa na miti, kuta hazibebi chochote. Kila boriti imechongwa ulimi mwishoni, kila nguzo imetobolewa tundu, ulimi unaingia tunduni, kisha panapigwa msumari wa mti kupita katikati. Hakuna chuma. Ile miti ya mshazari kwenye pembe inazuia nyumba isilale upande. Ghorofa ya juu inatokeza nje kupita ya chini, kama mtu mwenye kitambi aliyesimama mlangoni, na alisema hilo si kosa, walipenda hivyo, na tena uzito wa ukuta wa nje unasaidia sakafu isibonyee katikati. Paa ni mwinuko mkali kwa sababu ya theluji. Madirisha ni vioo vidogovidogo vilivyounganishwa kwa madini ya risasi, maana zamani hawakuweza kutengeneza kioo kikubwa.

Nilimsikiliza vizuri. Kisha nikamuuliza, katikati ya miti kuna nini.

Akasema kuna fito, zimesukwa. Juu ya fito kuna udongo. Nikamuuliza udongo umechanganywa na nini. Akasema ni majani makavu, na mavi ya ng'ombe.

Mama mkwe alitazama nje, kwenye nyumba yangu. Akatazama simu. Akatazama tena nje.

"Kwa hiyo ulikwenda huko kote," akamwambia mwanawe, "kutazama nyumba ya yule wa samaki."

"Mama, hiyo ina miaka mia tano."

"Basi wamechelewa kubadilisha nguzo."

Shemeji hakucheka. Alikuwa ameshaamua kwamba atajenga kama ile, na mahali alipopachagua ni pale kushoto kwa boma, kwa sababu ukisimama hapo mwamba wa Tororo unaonekana wote, na nyumba ya namna ile lazima iwe na kitu cha kutazama. Mimi sikukubali wala sikukataa, maana sikuulizwa. Nilikwenda Busia Jumamosi kumwona dada yangu, niliporudi nikakuta milango yangu miwili imeegemezwa kwenye ghala, sufuria zangu zimepangwa juu ya mkeka kwa heshima kubwa, na pale palipokuwa na nyumba pana udongo.

Shemeji alinipokea mwenyewe. "Shemeji, usiwe na wasiwasi. Wewe una chumba chako ndani. Chini, upande wa nyuma, chenye dirisha."

Nikamuuliza kwa sasa nitalala wapi. Akasema kwa sasa. Ndivyo alivyojibu, "kwa sasa," akaondoka. Nikahamia jikoni kwa mama mkwe, upande wa kuni.

Sasa kichuguu. Asiyetoka kwetu atadhani kichuguu ni donge la udongo la mchwa, na kazi yake ni kulilima. Kwapa kichuguu kina mwenyewe, kama ng'ombe alivyo na mwenyewe. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi wanaota mabawa na kutoka, na mwenye kichuguu anakifunika kwa majani, anaacha tundu moja, anachimba shimo dogo mbele yake, wanaingia humo wenyewe. Watu wengine wanangoja waalikwe, au waombe. Mtu akikuibia kuku unaweza kusema basi. Akikutegea kumbikumbi kwenye kichuguu chako, kesi inafika kwa mwenyekiti wa kijiji. Kichuguu hakigawanywi pamoja na ardhi: mwanamume anaweza kuuziwa shamba na kichuguu kilichomo kikabaki cha bibi wa pale. Kile cha boma letu mama mkwe alikipata kwa mama mkwe wake. Kilikuwa kikubwa kuliko jiko lake, na kilikuwa karibu na kiwanja changu kiasi kwamba ukirusha ganda la muhogo kutoka mlangoni linakifikia.

Mimi niliishi nacho jirani miaka yote. Mchwa walikula nguzo zangu, nikazibadilisha, tukala kumbikumbi. Hakuna aliyemkosea mwenzake.

Fundi alitoka Malaba. Alikuwa ameezeka paa za shule na kutengeneza majeneza, na alikuwa na kipaji kimoja: hakuwahi kumwambia mtu hapana. Shemeji alimwonyesha picha, akasema itawezekana. Alimwambia hakuna msumari wa chuma hata mmoja, akasema itawezekana. Siku ya kwanza alizunguka kiwanja, akasimama mbele ya kichuguu, akauliza swali la maana ambalo nasikitika kwamba lilikuwa la mwisho.

"Bosi, kule Uingereza kuna mchwa?"

"Sijawahi kuwaona."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Fundi akatazama kichuguu muda mrefu. "Sawa," akasema. "Itawezekana."

Hata hivyo alimshauri wakichimbue, wamtoe malkia, wamwage dawa chini kabla ya kuchimbia nguzo. Shemeji aliona ni sawa. Asubuhi walipokuja na majembe walimkuta mama mkwe amekaa juu ya kichuguu, na kigoda chake, na ungo wa karanga mapajani. Anamenya. Walingoja. Saa nne nilimpelekea uji, akanywea hapohapo. Mchana shemeji alijaribu kuongea naye kwa upole, akamwambia dawa ya siku hizi haina madhara.

"Ukimwaga sumu hapa," mama mkwe akamjibu, "umemwaga kwenye sahani yangu. Mimi nimekulisha wewe kutoka hapa. Hata meno ya kwanza uliyaotesha kwa hawa."

Shemeji alikuwa amekaa na Wazungu muda mrefu lakini bado alimwogopa mama yake. Akasema dawa haihitajiki. Akamwambia fundi kwamba jumba la kule limesimama miaka mia tano bila tone la dawa. Ndiyo maana nimewataja wote watatu. Mmoja alikataa dawa, mmoja alikubali ikataliwe, na wa tatu alijua vizuri akasema itawezekana.

Miti ilikuwa mikaratusi. Kule walitumia mwaloni, ambao sisi hatuna, na mvule uliobaki ni wa kutafuta. Shemeji alisema jumba la kule lilijengwa kwa miti mibichi, iliyokatwa wiki hiyohiyo, na ikikauka inajikaza kwenye viungo vyake, nyumba inazidi kuwa imara. Labda mwaloni hufanya hivyo. Mkaratusi ukikauka unageuka taratibu kutazama nyuma, kama mtu aliyesikia anaitwa.

Walijenga mifupa ya nyumba ikiwa imelala chini. Kila upande wa nyumba ulichongwa na kuunganishwa juu ya nyasi, na kwenye kila kiungo fundi alipiga alama kwa patasi, mstari mmoja, miwili, mitatu, ili kila ulimi urudi kwenye tundu lake. Shemeji alikuwa akipita juu yake kwa miguu mitupu, akigusa kila kiungo. Alifurahi. Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi namna ile, na jikoni nilikokuwa nikilala nilikuwa namwona vizuri.

Siku ya kuiinua aliita watu. Walikuja wa Kwapa, na wengine kutoka Kisoko waliosikia kuna malwa, ile pombe ya ulezi. Vyungu viliwekwa kivulini, mirija ikapangwa, wazee wakakaa. Vijana walishika kamba upande mmoja, wengine wakasukuma kwa miti mirefu yenye panda, na fundi akawa anapiga kelele za "taratibu" ambazo hakuna aliyezisikia kwa sababu ya nyimbo. Ukuta wa kwanza ulinyanyuka kutoka kwenye nyasi, ukasimama, ukatikisika kidogo, ukatulia. Ilikuwa nzuri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mtu anayenyimwa nyumba yake ana haki ya kusema kama iliyochukua nafasi yake ilikuwa nzuri.

Kisha shemeji akatoa kitambaa mfukoni, akakifunua. Ndani kulikuwa na msumari wa mti, mweusi, urefu wa kidole cha kati. Ulikuwa umeanguka kutoka kwenye boriti ya kule Uingereza siku moja akipangusa. Aliuokota. Hakusema kama alimwambia mtu. Akaupigilia kwenye kiungo cha juu ya mlango, kwa nyundo ya mti, mapigo madogomadogo. Mzee mmoja akauliza kama nyumba ya Wazungu haitadondoka sasa. Watu walicheka, shemeji pia.

Kukandika ni kazi ya wanawake, na mwanamke wa karibu alikuwa mimi. Tulisuka fito kati ya nguzo, tukakanyaga udongo. Udongo ulikuwa wangu. Uliokuwa ukuta wangu, uliomwagwa pembeni, tuliuloweka tena tukaukandika kwenye ukuta wake, na ukashika vizuri maana ulikuwa umezoea. Shemeji alisimama nyuma yangu akisema kule wanasawazisha ukingoni hivi, wanaacha mti uonekane hivi. Mikono ilikuwa yangu. Tulipaka chokaa, fundi akapaka miti rangi nyeusi, na siku hiyo ukiwa barabarani ungedhani mtu amekata kipande cha ile picha akakiegemeza kwenye migomba.

Chumba changu kilikuwepo. Kwanza kilikuwa na dirisha. Kisha fundi akagundua kwamba ngazi lazima zipite mahali, zikapita hapo, dirisha likaenda na ngazi. Kikabaki chumba chini ya ngazi. Kisha likaja kabati.

Lile kabati lilikuwa la mwaloni wenyewe, lilikuja kwa meli ndani ya kontena, kisha kwa lori mpaka kwetu. Lilihitaji wanaume wengi kulishusha. Shemeji alitaka likae juu, ghorofani, kwenye ile sehemu inayotokeza nje, kama la kule. Vitu vyake vingine vilivyokuja nalo vikawekwa chini ya ngazi.

"Shemeji," akaniambia, "chumba chako kimeshikwa kidogo."

Nikamuuliza kimeshikwa mpaka lini. Akasema mambo yakitulia. Nikarudi kwenye kuni zangu. Wazee wa ukoo walikuwa wameanza kunisalimu kama mtu anayesafiri.

Mvua za kwanza zilipokuja niliona njia za mchwa kwenye ukuta. Zilipanda kutoka chini, nyembamba kama uzi wa udongo, zikafika kwenye mti mweusi, zikaingia. Asubuhi nilikuwa nafagia chini ya boriti unga laini kama wa mtama. Nikamwita shemeji.

"Shemeji, miti inaliwa."

Alikuja, akapiga magoti, akatia kidole kwenye tundu dogo kwenye nguzo. Nilidhani atasikitika. Akatabasamu.

"Hata ile ya kule ina vitundu. Vingi sana. Wageni wanavipiga picha. Hiyo ndiyo inaonyesha mti ni wa kweli."

"Hawa ni mchwa."

"Kule ni mdudu mwingine, lakini kitundu ni kilekile." Akasimama, akajipangusa magoti. "Hizo njia za udongo zipake chokaa, zinaharibu sura."

Nikazipaka chokaa. Kila wiki nilizipaka chokaa, na kila wiki zilirudi, na nilikuwa namwambia, naye alikuwa ananijibu habari za kule. Fundi alipopita nilimwonyesha. Alibisha nguzo kwa vidole, ikatoa sauti ya kibuyu. Akasema inaweza kuimarishwa.

Mwaka ule kumbikumbi walitoka kwa wingi ambao mama mkwe hakuwahi kuuona tangu aolewe. Walijaa mashimo, walijaa beseni, tukaazima magunia. Mama mkwe alisema kichuguu kimebarikiwa. Shemeji alifanya sherehe ya kuingia nyumbani na tukawakaanga, wageni wakala kwa viganja, shemeji akala, fundi akala akaomba wa kwenda nao. Nami nilikula. Walikuwa wanono.

Nyumba ilianguka wakati wa mvua za mwaka uliofuata, Jumapili, baada ya ibada. Shemeji alikuwa amewaleta wageni kutoka kanisani, akawapandisha ghorofani waone mwamba wa Tororo kupitia vile vioo vidogo. Wote walikwenda upande mmoja, kwenye ile sehemu inayotokeza, kwa sababu dirisha lilikuwa hapo. Mimi nilikuwa chini, nafagia unga wa siku hiyo.

Watu wanadhani nyumba huanguka kwa kishindo. Hii ilikaa chini. Nilisikia kitu kama mtu mzee anayeshusha pumzi kabla ya kuketi, kisha sakafu ya juu ikaanza kushuka upande wa mbele, taratibu, na wageni wakateremka nayo wakiwa wamesimama, wakafika uani, wakaketi kwenye nyasi na nguo zao za Jumapili. Hakuna aliyechubuka. Mama mmoja alipoteza kiatu. Kabati halikwenda na wageni. Lilikuwa zito kuliko subira ya sakafu, likapita katikati, likanikuta.

Nyonga ilivunjika. Upande wote ulioshuka ulikuwa na mti mkubwa mmoja ambao mchwa hawakuugusa, na ndio ulionivunja.

Nililazwa Tororo. Fundi hakuja, lakini alituma salamu na mtu, kwamba upande wa nyuma bado unaweza kuokolewa. Shemeji alikuja mara moja na maji ya matunda. Alikaa pembeni ya kitanda muda mrefu. Nilingoja aseme pole. Akasema ile ya kule nayo imeinama, upande wa kaskazini, lakini wameitia chuma ndani kisirisiri, wageni hawajui. Alisema hilo kama mtu aliyegundua kwamba amedanganywa. Kabla sijaanza kutembea kwa magongo alikuwa amesharudi Uingereza. Pole sijaipata mpaka leo.

Ukoo haukungoja nipone. Nikiwa hospitali binti yangu alinipigia simu kutoka Nairobi, amesikia kwamba wanaume watakutana siku nikitoka, kuona kama si vizuri mgonjwa apumzike kwao Sikuda. Walitumia neno hilo, apumzike. Sikuwa na nyumba. Nilikuwa na mguu mmoja na nusu. Milango yangu miwili ilikuwa bado imeegemea ghala, na hata wao waliiona kila siku wakapita.

Walikuwa wamekaa tayari gari iliponishusha. Wanaume wanne wa ukoo, viti vya kukodi, na mwenyekiti wa kijiji kama shahidi. Mkubwa wao alianza kwa kusifu kazi yangu ya kukandika. Nikajua mambo yameisha. Unaposifiwa na watu wale unafunga mizigo.

Mama mkwe hakuwa kwenye viti. Alikuwa juu ya kichuguu, na kigoda chake kilekile, na kingine kando yake kitupu.

"Wewe wa samaki," akaniita. "Njoo ukae hapa."

Nilikwenda kwa magongo. Ilichukua muda. Nilipokaa, akawageukia.

"Nyumba ya huyu ililala kwa mkono wa mwanangu. Kichuguu hakijalala. Nilipewa na mke wa boma hili, namwachia mke wa boma hili. Sasa endeleeni na mliyokuwa mnasema."

Mwenye kichuguu hawezi kukaa Sikuda. Mvua ikianza lazima awe hapo, la sivyo kumbikumbi watakuwa wa nani? Mmoja akajaribu kusema kwamba mwenye kichuguu anaweza kuja mvua zikinyesha. Mama mkwe akamuuliza kama mvua humpigia yeye simu. Mwenyekiti alicheka, na alipocheka wengine wakaanza kuzungumzia nguzo za nyumba yangu zitatoka wapi.

Sikujidanganya kwamba ananipenda. Mama mkwe alijua shemeji akirudi atakuja na dawa, na alitafuta mtu atakayekalia kichuguu kwa ukaidi. Alinichagua mimi. Yeye ndiye aliyekataa sumu, na sumu ile ingeokoa nyonga yangu. Haya mawili ninayaweka pamoja bila kuyapatanisha. Amekufa sasa. Mpaka mwisho aliniita wa samaki.

Nyumba yangu iko palepale kushoto. Nguzo ni za ile nyingine, vipande ambavyo havikuwa vimeliwa ndani, na kwa kuwa vilikuwa na rangi nyeusi, nyumba yangu nayo ina mistari. Mlango ni wangu wa zamani. Tulipokuwa tunapekua kifusi niliuona ule msumari wa mwaloni, mzima, hauna alama ya jino. Kiungo ulichokishika kilikuwa kimekuwa unga pande zote. Nimeupigilia kando ya mlango, natundikia ungo. Nguzo zinaliwa kama zamani. Mwaka jana nilibadilisha mbili.

Mvua za mwaka huu shemeji alipiga simu. Nilikuwa nimeketi kwa kichuguu, nimeshafunika, nangoja. Baada ya salamu aliuliza nyumba iko aje. Sikujua anauliza ipi. Kulikuwa na mabaki ya boriti zake pale nyuma, na hilo kabati, ambalo nafugia kuku.

Nikamwambia yake sehemu kubwa tumeshaila ndani ya kumbikumbi. Iliyobaki itatoka leo jioni kama mvua haitaongezeka.

Akauliza kama ni wanono. Nikasema wanono. Akasema kule hakuna, alishatafuta mpaka kwenye maduka ya Waafrika, wanauza wakavu wasio na ladha. Kuna mtu wetu anasafiri mwezi ujao, akasema, ningeweza kumpa kidogo, kopo tu.

Nikamwambia kichuguu kina mwenyewe siku hizi, kwa hiyo aombe kama watu wanavyoomba.

Kumbikumbi wa kwanza alikuwa ameshatoka, anatembea kwenye mkono wangu na mabawa yake mapya.

"Naomba, shemeji," akasema.

Nikamwambia nitaona.